Kipara Anakunywa Mazutu

Motoka ya Amuri haikuwa na paa, na hilo ndilo jambo la kwanza alilokuambia, hata kama ulikuwa umesimama mbele yake unaiona kwa macho yako mawili. "Dekapotabli," alisema, akilitamka neno kama mtu anayeonja asali kwa ncha ya ulimi. Sisi wanawake wa upande wa stesheni tulikiangalia kile kigari chekundu cha watu wawili, kimekaa chini chini kama kuku anayeatamia, tukakiita Kipara. Jina likashika. Amuri alinuna wiki nzima, halafu akazoea. Kamina ilikuwa imezoea mambo makubwa kuliko hilo.

Kipara alikuwa mali ya Mzungu mmoja wa kampuni ya pamba. Mwaka wa 91, wakati askari wasiolipwa walipopora miji, Mzungu alipanda ndege na mfuko mmoja, na ufunguo ukabaki kwa Amuri. Namna gani, usiniulize. Kila nyumba ya Kamina ina kitu kimoja kisichoulizwa. Amuri alikuwa mtu wa ukoo wa Kasongo, mfanyabiashara mtoto wa wafanyabiashara, muuza vitenge na samaki wakavu wa Kinkondja. Alivaa kanzu nyeupe hata siku ya matope, na alikuwa na miaka hamsini na mbili, umri ambao mwanaume akipata motoka ya watu wawili, wa pili hajulikani ni nani.

Mimi nilikuwa na mashini ya kusaga. Marehemu mume wangu, Mwila, aliniachia chumba cha matofali, injini moja ya mazutu, yaani dizeli, ya silinda moja, na wadogo zake watatu. Matanga yalipokwisha, wale watatu walikuja wamechana nywele, kila mmoja tayari kunirithi. Niliwapeleka mpaka mlangoni pa mashini nikawaambia: "Mimi nimekwisha kurithiwa. Shemeji yenu huyu hapa. Anakunywa mazutu tu, hagusi pombe, na akikoroma unga unatoka, kuna bukari mezani." Walicheka kwa uchungu wakaenda zao. Tangu siku ile injini ikaitwa Shemeji.

Sauti ya Shemeji ndiyo ilikuwa saa ya kwetu. Tuku, tuku, tuku, polepole, unaisikia mpaka upande wa pili wa reli. Akianza, wanawake wanaacha walichoshika, wanabeba mabeseni ya mahindi na mihogo, wanakuja. Nafasi yako katika foleni ni beseni lako. Ukishaliweka chini unaweza kwenda kunyonyesha, kugombana, hata kuzika, utaikuta nafasi yako. Lakini ukiliinua kabla ya zamu yako, umejitoa mwenyewe: beseni likiinuka, nafasi imekufa, unaanza nyuma. Sheria hiyo hakuna aliyeiandika, na ndiyo sheria pekee niliyoiona Kamina ikiheshimiwa na matajiri. Uwanja wangu ni mdogo, kwa hiyo foleni ilitoka mlangoni, ikavuka barabara, ikapinda kwenye ukuta wa stesheni. Baiskeli zilizunguka. Mabeseni hayakusogea.

Aliyemtunza Shemeji ni Mianda, mtu wa Kasai, fundi wa vichwa vya treni vya mazutu. Mwaka wa 93, wenyeji walipowafukuza watu wa Kasai, alikaa stesheni na familia yake akingoja treni ya kurudi "kwao", mahali ambapo hakuwa amezaliwa. Treni ilipofika, familia ilipata nafasi, yeye akaning'inia mlangoni, akaanguka. Wiki mbili baadaye kichwa cha treni kilikataa kuwaka, na wale wale waliompigia kelele aende zake wakaanza kumtafuta nyumba kwa nyumba, kwa heshima, "Papa Mianda, tafadhali." Alikuwa nyuma ya magunia yangu. Alikitengeneza, kikaondoka bila yeye. Mkewe aliandika barua kila mwaka, naye kila mwaka alijibu kwamba atapanda treni inayofuata.

Basi Amuri na Mianda walikutana kila asubuhi kwenye benchi la mashini yangu, wakabishana jambo moja miaka mitatu: esanse, petroli ya Kipara, na mazutu ya Shemeji.

"Esanse iko na adabu," Amuri alisema. "Unawasha, inaitika. Unakanyaga, inaruka. Mazutu inafikiri kwanza, sawa muzee unamuita anatafuta viatu."

"Esanse bila cheche ni maji ya kunukia," Mianda alijibu. "Mazutu haiombi cheche kwa muntu. Hewa inakandamizwa, inakandamizwa, mpaka inakasirika, mazutu inawaka yenyewe."

"Kumbe njo maana iko na moshi. Muntu wa kinyongo."

Mimi nikasema toka mlangoni: "Sisi raia tunakandamizwa miaka thelathini, mbona hatuwaki?"

Mianda alifikiri kama fundi. "Mama Salomé, silinda inavuja."

Ndivyo tulivyoishi. Halafu vita vikaanza kushuka kutoka mashariki, mji baada ya mji, na redio ikasema kila kitu kiko shwari, ndipo tukajua kwamba hakuna kilicho shwari. Treni zikakoma. Esanse ikatoweka kabisa. Ilikuwa inauzwa kwa chupa, halafu kwa kikombe, halafu kwa hadithi. Mazutu, ajabu, ilipatikana. Wapi? Nimekwisha kusema kuhusu vitu visivyoulizwa. Kipara akakaa uani miezi miwili, kuku wakataga kwenye kiti cha abiria, na Amuri akawa anatembea kwa miguu. Alipunguka urefu, naapa.

Wakati huo huo na mimi nilipatwa. Zile sahani mbili za chuma zinazosaga zililika mpaka zikawa laini kama ulimi wa mwanasiasa. Shemeji alizunguka, mahindi yakatoka yamekasirika tu, hayajasagika. Sahani mpya zilikuwa Likasi, na Likasi bila treni ni mbali kama mbinguni. Wanawake wakarudi kwenye vinu. Ukipita mtaani unasikia tu du, du, du toka asubuhi, na mikono ya watu imetoka malengelenge. Na vita vile vilikuwa na sheria yao: mwenye unga anakimbia, mwenye mahindi anakaa. Porini huwezi kutwanga, wala huwezi kumpa mtoto punje kavu. Kila nyumba ilitaka debe moja la unga limefungwa tayari pembeni ya mlango. Walikuwa wananiangalia mimi.

Hapo ndipo Amuri alipokuja na ile sauti ya asali.

"Mama Salomé, Shemeji wako anakaa bure. Unipe yeye, Mianda amutie mu motoka. Mi naenda Likasi, nakuletea sahani mupya. Siku nne kwenda na kurudi."

"Injini ya kusaga mu motoka ya kukimbia?"

"Muulize fundi."

Mianda aliangalia chini. Niliona masikio yake yanacheka. Miaka mitatu ya ubishi, na sasa adui mwenyewe analeta kichwa chake kwenye sahani. "Inawezekana," alisema. "Itakuwa nzito kidogo."

Nilikubali. Usinicheke, nimejicheka vya kutosha. Nilikuwa na injini bila sahani, yeye alikuwa na safari bila injini, na mtu mwenye njaa ya unga anaweza kuamini hata Amuri.

Walifanya kazi siku tano. Ile "nzito kidogo" ya Mianda ilihitaji wanaume wanane kuibeba. Kifuniko cha mbele kilitolewa, hakikufunga tena. Shemeji alisimama wima puani mwa Kipara na gurudumu lake zito la chuma ubavuni, kama chungu kilichowekwa juu ya kiatu. Pua ya motoka ilishuka mpaka ikabusu ardhi, kwa hiyo wakatia magunia manne ya mchanga nyuma ili isimame sawa. Sasa ilikuwa imeshuka pande zote. Kuwasha, unasimama mbele na mpini wa chuma, unazungusha mpaka jasho linakutoka machoni. Na injini ya kusaga ina akili moja: imefundishwa kwenda mwendo mmoja tu, tuku, tuku, tuku, ukanyage usikanyage.

Siku ya kwanza Amuri alipaka mafuta kwenye kidevu, akavaa miwani myeusi, akatoka. Mama Phébé, jirani yangu, ambaye hajawahi kukosa nafasi ya kwanza kwenye foleni tangu Mwila yuko hai, alisikia tuku, tuku, akabeba beseni. Akafika kwangu: chumba kitupu. Sauti inaelekea sokoni. Akageuka, akaifuata. Nyuma yake akaja wa pili, wa kumi, wa arobaini. Kamina iliona siku hiyo motoka ya fahari isiyo na paa ikipita katikati ya mji, na nyuma yake msururu wa wanawake wenye mabeseni kichwani, hawakimbii, wanatembea tu, na wanaifikia.

"Papa Amuri, mashini umeipeleka wapi?"

"Hii haiko mashini! Ni motoka!"

"Sauti ni ya mashini."

"Mama Phébé, mi nakuomba, toka mu njia!"

"Niko pembeni yako, Papa. Ni weye ndiye unabaki nyuma."

Na bomba la moshi! Shemeji alitoa moshi kwa juu, mbele, kwenye bomba fupi. Kwenye chumba changu ulipita dirishani ukaenda zake. Kwa Kipara ulirudi nyuma moja kwa moja, na kwa kuwa hakuna paa wala kioo cha maana, ulimkuta Amuri amekaa anautabasamia. Alipotoa miwani, alikuwa na miduara miwili myeupe usoni. Kanzu ilifuliwa mara tatu, ikakataa, ikabaki rangi ya panya.

"Unaona?" alimwambia Mianda, anakohoa. "Mazutu na dekapotabli ni sawa pilipili na jicho."

"Mazutu haina makosa. Kama ungekuwa na paa, ungefurahi."

"Kama ningekuwa na paa, ningekuwa muntu wa kawaida!"

Hapo ndipo alisema ukweli, maskini.

Likasi hakwenda. Kesho, alisema. Kesho kutwa, akapime kwanza mpaka uwanja wa mpira. Njia haikuwa salama, hilo kweli. Lakini njia ya kwenda sokoni ilikuwa salama mno, aliipita mara nne kwa siku. Nilikuja kuelewa mpango wake. Wale waasi wa mashariki wangeingia siku moja, na Amuri alitaka kuwa wa kwanza kuwapokea, amesimama ndani ya motoka wazi na jani la mtende mkononi. Wasipoingia, angesimama hivyo hivyo kupongeza jeshi la serikali. Jani lilikuwa moja, la kufaa pande zote mbili. Wanawake walizoea sauti ile mbovu ya kutangatanga, wakaacha kuinuka. Mitaani vinu vikaendelea, du, du, du.

Sahani zililetwa na Biuma. Biuma alisukuma baiskeli ya samaki kati ya maziwa na mjini, mtu wa maneno matatu kwa siku. Nilikuwa nimemwomba tu, bila tumaini. Alizipata Bukama kwa fundi mmoja, akazifunga chini ya samaki, akasukuma siku sita. "Mama, njo hizi," akasema, akaenda kulala. Maneno matatu.

Nilikwenda kwa Amuri na Mianda nyuma yangu, na nyuma ya Mianda Mama Phébé na mchi wa kinu, si kwa kutwanga.

"Papa Amuri, sahani zimefika. Rudisha Shemeji."

"Ngojeni kidogo, banasema juma hii batu batafika..."

"Batu batafika na njaa," Mama Phébé alisema, akausimamisha mchi chini. "Na sisi tutakimbia na nini? Na moshi yako?"

Aliangalia mchi. Aliapa mbele yetu kwamba hatamwasha tena Shemeji hata mara moja mpaka arudi juu ya saruji yake. Jumamosi asubuhi wanaume wanane wangekuja. Basi nikapita mtaa kwa mtaa nikitangaza: "Jumamosi! Mukisikia sauti, hiyo si motoka tena, ni mashini. Mukuye na mabeseni!" Nilikuwa nimesahau kwamba Kamina mambo hayangoji watu wanane.

Jumamosi, jua bado changa, risasi zilisikika mbali upande wa mashariki. Jeshi la serikali lilikuwa linapita mjini tangu alfajiri, linarudi nyuma, kila mtu na alichoweza kubeba. Walichukua kila kilichotembea. Komanda mmoja mnene, sijui alitoka kikosi gani na jina lake hakuacha, alikuwa na mapipa mawili ya mazutu na hana motoka hata moja ya kuyanywa. Mtu akamwonyesha uani kwa Amuri. Motoka inayokunywa mazutu! Alimkuta Mianda ameinama na spana, na Amuri pembeni anamuaga Kipara.

Sikuwepo, Mianda ndiye alinisimulia. Komanda alipakia friji, akapakia godoro, akamfunga mbuzi juu ya godoro, akapakia mapipa juu ya mchanga. Alimweka Amuri kwenye usukani, Mianda akamsimamisha ubavuni ili ajaze maji Shemeji akipata moto, akakaa mwenyewe kwenye kiti ambacho kuku walikuwa wanatagia. Akatoa bastola. "Kaniama. Upesi."

"Komanda, upesi haiko," Amuri alisema.

"Ni motoka ya mashindano!"

"Ilikuwa, Komanda."

Mianda akazungusha mpini. Tuku. Tuku, tuku, tuku.

Mimi nilikuwa mlangoni kwangu, nafagia saruji ya kumwekea Shemeji. Niliposikia, moyo wangu ulicheza. Amuri ametimiza neno! Na si mimi tu. Vinu vyote vikanyamaza kwa mara moja, unajua kimya kile? Halafu milango. Mama Phébé akafika wa kwanza, akaweka beseni kwenye kizingiti. La pili, la tatu. Risasi zinalia mbali, lakini nani anakimbia bila unga? Walitoka kila kichochoro, wakaweka mabeseni moja nyuma ya lingine, na foleni ikatoka mlangoni, ikavuka barabara, ikapinda kwenye ukuta wa stesheni kama siku zote. Mabeseni mia na zaidi, yamejaa mpaka juu. Na Kipara akatokea kwenye kona na friji mgongoni.

Niliona kofia ya komanda. Niliona mbuzi. Nikaelewa: Shemeji anapita mlangoni kwangu kwenda Kaniama, na hatarudi. Kamina nzima ilikuwa imeweka beseni kwa ajili ya injini ile, na mimi ndiye niliyewaambia waje.

Kipara alifika kwenye mabeseni, akasimama.

"Pita juu!" komanda alipiga kelele.

"Haiwezekani," Amuri alisema. "Ni motoka ya fahari, Komanda. Tumbo iko chini. Mahindi itatukamata."

Ile ilikuwa mara ya kwanza nilimsikia Amuri akiitaja kasoro ya Kipara mbele za watu. Jasho lilimtiririka kwenye masizi.

Komanda akasimama kwenye kiti. Paa hakuna, kwa hiyo tulimwona wote vizuri, mpaka kiunoni, kama mhubiri. "Inueni mabeseni!"

Wanawake wakaangaliana. Mama Phébé akamwambia aliyekuwa nyuma yake: "Inua weye kwanza."

"Mi? Ili upite mbele tena? Inua weye."

"Mi niko wa kwanza tangu Mwila ni muzima. Wa katikati wainue, njo beko mu barabara."

"Aa, wa katikati!" wa katikati wakasema. "Tuinue tupoteze nafasi? Wa mwisho wainue, hawana cha kupoteza."

"Tusogee wote pamoja," mmoja akashauri. Wakamzomea. Kusogea pamoja! Msichana huyo alikuwa mgeni.

Komanda alipiga risasi hewani. Lakini Shemeji alikuwa anapiga tuku, tuku karibu na masikio ya wote, na silinda moja ikipiga, risasi moja ni mtoto wake. Nusu ya foleni hawakugeuka. Mama Phébé akapaza sauti: "Papa Mianda, Shemeji anakohoa! Mutilie maji!"

Na kweli alihitaji maji. Alizoea pipa kubwa la maji pembeni yake; kwa Kipara alikuwa na kopo. Mvuke ulianza kutoka, ukachanganyika na moshi, na vyote viwili, kwa kuwa hakuna paa, vikamwendea komanda. Mianda alichukua kopo lake, akaondoka polepole kwenda kwenye bomba la stesheni, akarudi polepole, akasema bomba halina maji, akaondoka tena. Sijawahi kumwona fundi yule akitembea polepole hivyo. Treni inayofuata.

Sikujua nifanye nini, basi nikafanya ninachojua. Niliokota ungo mtupu, nikaenda mpaka kwenye mlango wa Kipara.

"Komanda, karibu. Ni unga ya safari? Safari bila unga ni mubaya, bantu bote beko banasema. Lakini foleni ni foleni. Weye uko wa mia moja na kumi na nne."

Alinielekezea bastola. Nilikuwa naliangalia lile tundu lake dogo, na kichwani nilikuwa nahesabu: kama ninakufa hapa, nani atafungua mashini, ufunguo uko kiunoni kwangu. Akili ya mtu ni kitu cha ajabu. Nikasema, kwa sababu mdomo wangu haujui kufunga: "Ukinipiga, hakuna mwingine anayejua kusaga. Na hawa bamama hawatainua mpaka wasage."

Aliangalia nyuma yangu. Wanawake mia walikuwa wamesimama mikono kiunoni, kila mmoja pembeni ya beseni lake. Wengi wao hawakuwa wanamwangalia yeye. Walikuwa wanaangaliana, nani ataiba nafasi.

Mizinga ikalia, karibu zaidi. Na kutoka sokoni ikaja motoka ya jeshi, jipu ya esanse, ya mwisho labda katika Kamina nzima, maafisa wanne ndani. Ilikuwa nyepesi, ina hasira, iko juu. Ilipoona foleni, haikuuliza. Ilikata kona, ikapanda tuta, ikapita kwenye bustani ya mihogo nyuma ya stesheni. Komanda alipiga kelele. Hawakusimama. Alitupa mguu juu ya mlango, na hapo motoka isiyo na paa ilimsaidia kwa mara ya kwanza, akaruka, akakimbia na tumbo lake kwenye mihogo, akashika ubao wa nyuma wa jipu. Kiatu kimoja kilibaki. Bastola nayo ilianguka. Hatukuiona tena, na hilo nalo usiniulize.

Ikabaki tuku, tuku, tuku.

"Unaona?" Amuri alisema, akijifuta masizi. "Esanse njo imemuokoa."

"Na mazutu njo imetuokoa sisi," Mianda alisema. "Hebu chagua."

"Bishaneni huku munafanya kazi," niliwaambia. "Mahindi inangoja."

Wanaume wanane hawakuja. Wanne walikuwa wamekimbia, wanne walikuwa chini ya vitanda. Kumtoa Shemeji puani mwa Kipara ilikuwa kazi ya nusu siku, na nusu siku hatukuwa nayo. Mianda alizunguka motoka mara mbili, akakuna kichwa. Halafu akasema warudishe Kipara kinyumenyume mpaka mlangoni kwangu, wamwinue nyuma kwa matofali. Wanawake walimsukuma. Alitoa tairi moja la nyuma, akavisha mkanda wa mashini kwenye gurudumu tupu, ukapita mlangoni mpaka kwenye sahani mpya. "Amuri, panda. Tia gia."

"Mi niendeshe nini?"

"Unga."

Akapanda. Akatia gia. Gurudumu likazunguka, mkanda ukavuta, sahani zikalia, na unga wa kwanza ukatoka, mweupe, unanuka samaki wa Biuma. Mama Phébé aliingiza kidole, akaonja, akafunga macho. "Iko na mboga yake tayari," akasema.

Tulisaga mpaka jioni. Amuri hakuweza kushuka, kwa sababu gia ya Kipara ilikuwa inaruka usipoishika kwa mkono, na alikuwa mtu pekee aliyejua tabia zake. Upepo uligeuka, moshi ukaenda upande mwingine. Badala yake vumbi la unga likatoka mlangoni likamshukia. Nyusi, kofia, kanzu ya rangi ya panya, vyote vikawa vyeupe. Kila mama aliyemaliza alimpitia akamwambia safari njema, Papa. Aliwajibu wote. Mwanzoni kwa hasira.

Wale wa mashariki waliingia saa kumi, kwa miguu, wamevaa buti za mpira, wamechoka. Mkubwa wao alisimama mbele ya Kipara. Alikuwa anatafuta motoka; macho ya mtu anayetafuta motoka nimeyajua sasa, ni yale yale kwa majeshi yote.

"Hii motoka ni ya nani?"

Nilimwona Amuri. Jani la mtende alikuwa nalo, lilikuwa pale pale pembeni ya kiti, na maneno ya kupokea alikuwa ameyatunga mwezi mzima. Alifungua mdomo. Alimwangalia mkubwa, akaangalia foleni, mabeseni kumi na tisa yaliyobaki, akaangalia mkono wake kwenye gia.

"Motoka gani?" alisema. "Hii ni mashini ya kusaga."

Mkubwa aliangalia gurudumu lililoinuliwa, mkanda, unga, mtu mweupe kwenye usukani asiyekwenda popote. Akawageukia wanawake.

"Ni mashini," Mama Phébé alisema. "Kama munataka kusaga, foleni inaanzia kule."

Wakaenda kutafuta motoka mahali pengine. Wawili walirudi baadaye na mahindi kwenye kofia, wakaziweka chini, nyuma ya beseni la mwisho.

Friji tulimrudishia mwenyewe. Mbuzi alikosa mwenyewe, tukamtafutia tumbo. Kipara yuko mlangoni kwangu mpaka leo, juu ya matofali, na asubuhi kwenye benchi Amuri anaendelea kusema kwamba ingekuwa esanse, unga ungetoka upesi zaidi.